Kitambaa cha Wifi

Kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu kabla ya mengine yote, na uzipokee ukiwa umekaa, si umesimama na kofia ya kazi kichwani kama kawaida yako. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Na kile kikohozi cha vumbi la kambini kimekuachia, au bado mnalala nacho kitanda kimoja? Sisi huku ni wazima wa mwili. Baba hajambo, macho yake ni yale yale, ya mbali anaona na ya karibu anabahatisha. Shangazi naye hajambo, na mdomo wake hajambo zaidi. Mimi mwenyewe nitakueleza.

Najua utashangaa kuona bahasha wakati simu ipo. Nimekupigia mara mbili, kaka. Mara ya kwanza tukaishia kuzungumzia paa linalovuja. Mara ya pili nilipofika karibu na jambo lenyewe nikasingizia mtandao, nikakata. Simu ina mahali pa kukatia, barua haina, ndiyo maana nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Ulimwambia Baba kwamba mwisho wa mwezi unakuja kuonana na wazazi wa wifi, kumaliza mambo, na hakuna aliyeuliza unamaliza vipi, kwa sababu sote tulielewa kwamba unakuja kuivunja ndoa. Nakuomba usipande gari kabla hujaisoma barua hii mpaka sahihi. Nakujua. Wewe ukipewa karatasi unasoma mistari ya juu na ya chini, ya katikati unajitungia, na ndiyo maana lile kabati uliloliunga mpaka leo mlango wake unafungukia ukutani. Hii isome yote.

Nianze na sungura, maana ndio chanzo.

Unakumbuka Baba alivyokuwa alipoacha kutengeneza saa. Mtu aliyefungua saa za watu miaka arobaini, kisha siku moja haoni tundu la skrubu. Alikuwa anakaa kitini tangu chai ya asubuhi mpaka chai ya jioni, anatuuliza saa ngapi, na nyumba ina saa kumi na moja ukutani. Sungura ndio waliomwinua. Alipewa wawili na rafiki yake, wakawa sita, wakawa ishirini na wawili, na akawapa majina ya kazi yake. Kengele, lile dume la kijivu. Dakika, jike mweupe, ambaye kila akizaa hapunguzi saba. Alamu, aliyekuwa akipiga miguu sakafuni kila paka akikatiza. Vizimba alivipanga mwenyewe uwanja wa nyuma, akaviegemeza kwenye ukuta wa chumba chenu, kwa kuwa hapo ndipo penye kivuli. Wifi aliwahi kusema, kwa upole wake, kwamba harufu inamwingilia dirishani, hasa joto likipanda. Alisema mara moja tu. Baba akajibu kwamba sungura hana harufu, mwenye harufu ni binadamu. Tukacheka, yakaisha. Lakini hilo neno la dirisha ulishike, litarudi.

Miezi miwili iliyopita sungura wakaanza kutoka vidonda. Kwanza puani na midomoni, vikavu kama maganda, kisha huko chini, mahali ambapo Baba alishindwa kupataja akaniambia tu kwamba wameumwa upande wa pili. Alinipigia simu dukani kuniuliza cha kufanya, na kama kawaida yake alianza kwa kuniita Daktari.

Hapa lazima nisimame kwenye jina hilo. Unajua, na mimi najua, kwamba mimi si daktari. Mimi ni muuzaji wa duka la dawa za mifugo, mwaka wa sita huu nimesimama nyuma ya kaunta ile ile, na kozi niliyoianza niliiacha njiani kwa sababu ambazo zote zilikuwa uvivu. Mlianza kuniita Daktari kwa utani, wewe ukiwa wa kwanza. Utani ukazoeleka, nami nikauvaa kama koti. Majirani wakaniita hivyo, Shangazi akawa ananitambulisha hivyo kwa watu asiowajua vizuri. Dukani anayestahili jina hilo ni mama mmoja wa miwani anayekuja Jumatatu na Alhamisi. Yeye ndiye daktari wa mifugo hasa, wa vyeti ukutani. Na wiki ile ile Baba aliyonipigia, mama huyo alikuwa amenisahihisha mbele ya wateja watatu kuhusu dawa ya minyoo ya mbuzi. Alinisahihisha vizuri tu, bila kelele, lakini mimi nilimnunia siku nzima kama mtoto aliyenyang'anywa kijiko.

Kwa hiyo sikumuuliza. Baba alipiga simu Jumatano, kesho yake daktari akaja, akakaa saa nne nzima hatua tatu kutoka nilipo, nami nikapanga chupa kwenye rafu na kunyamaza. Dawa niliijua: ile penisilini ya kukaa mwilini, nyeupe kama maziwa, ambayo ukichoma leo inafanya kazi siku kadhaa bila kurudia. Wafugaji wa sungura huichukua kwa vidonda vya namna hiyo hiyo, sindano moja kwa wiki, kwa wiki tatu. Nikajiambia, kuna nini tena cha kuuliza? Kumbe kuijua dawa kwa kuiuza na kuijua kwa kuichoma ni mambo mawili.

Jumamosi asubuhi nikaja nyumbani na begi langu. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya saa mbili tu. Wifi ndiye aliyenishikia sungura, mmoja mmoja, amewafunika macho kwa kiganja, na nakiri ana mkono wa kushika mnyama, hakuna hata mmoja aliyenipiga teke. Mizani hatukuwa nayo. Nilikadiria kwa jicho, huyu kilo tano, huyu nne, huyu mdogo tuseme tatu. Sindano nilizobeba ni zile nene tunazowauzia wenye mbuzi. Nikavuta ngozi ya shingo, nikachoma chini yake, nikachomoa, lete mwingine. Sungura ishirini na wawili kwa dakika ishirini na tano. Baba alikuwa amesimama na saa mkononi, akatangaza muda kama wa mashindano ya mbio, akaniita Daktari mara tatu mbele ya jirani aliyekuwa ameegemea ua. Nikanawa mikono, nikanywa chai yangu, nikarudi dukani kichwa kimevimba.

Jumapili jioni sungura hawakumaliza majani. Jumatatu wengi hawakuyagusa kabisa, wamejikunyata pembeni mwa vizimba, wanasaga meno, matumbo yamewajaa. Jumanne wakaanza kuharisha, na siku hiyo hiyo wakafa watatu. Jumatano Dakika akafa, na wengine wanne. Mpaka Ijumaa walikuwa wamekufa kumi na watatu. Baba aliwachimbia mwenyewe kando ya ua, kila mmoja na shimo lake, isipokuwa Dakika, ambaye nilimwambia nitamzika mimi. Alipiga magoti pale na jembe la mkono, akipapasa udongo kwa vidole maana jicho halimwambii kina. Nilitamani anitukane, kaka. Hakunitukana, hakuwa na sababu, alidhani mimi ndiye niliyekuja kuwaponya.

Alipomzika wa tatu aliinua uso akaniuliza, Daktari, hii ni nini? Nami nikajibu kwamba huenda ni majani. Jumamosi mchana mvua ilikuwa imenyesha, na wifi alikata majani pale nyuma ya gereji anapokata siku zote. Majani mabichi yenye maji ni kweli humvimbisha sungura, hilo sikulitunga. Nilisema huenda. Lakini neno likitoka kinywani mwa mtu anayeitwa Daktari, ile huenda hudondoka njiani.

Ikadondoka. Shangazi alipokuja Alhamisi kutoa pole, majani yakawa majani ya gereji. Jioni yakawa majani yenye oili chafu. Kufika Ijumaa wifi alikuwa amewalisha sumu kwa makusudi, kwa sababu ya dirisha lake, si alilalamika mwenyewe watu wakamsikia? Lisemwalo lipo, alisema Shangazi, akasahau kwamba msemaji ni yeye. Baba mwanzoni alikataa.  Kisha akaanza kuacha bila kugusa chakula alichopika wifi, na hapo nikajua maji yamezidi unga.

Kikao cha Jumapili ulikuwepo, lakini ulikuwepo ndani ya simu, kwa hiyo nikueleze ambayo hukuyaona. Simu yako iliwekwa juu ya meza ndogo, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, na kila ukikohoa meza ilitetemeka. Wifi alikaa kile kiti cha karibu na mlango, chenye mguu mfupi. Baba alisema kidogo, Shangazi akasema mengi. Wifi alipopewa nafasi alisema kwamba majani alikata pale pale, kwamba aliyakung'uta maji akayaanika kabla ya kuwapa, na kwamba hana la kuongeza. Kisha akageuka akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kuvaa viatu watoke pamoja. Nikainamisha macho. Ndipo wewe ukasema afungashe, aende kwao, mtaonana ukija.

Alitoka na begi moja na kandambili miguuni. Kabla ya kutoka aliingia uwanja wa nyuma, akauosha ule mundu wa majani, akaufuta, akautundika kwenye msumari wake. Hakuna aliyemsindikiza. Mimi nilisimama dirishani kwa ndani.

Sasa kaka, kaa vizuri. Hapo juu, nilipokueleza siku ya sindano, kuna mahali nilipita mbio, kama wewe unavyosoma. Narudi hapo.

Ngozi ya sungura ni nyembamba. Sindano nene ikiingia inaacha tundu, na ukichomoa kwa haraka bila kubonyeza na kungoja, dawa inarudi nje. Ilirudi. Karibu kila sungura alibaki na matone meupe juu ya manyoya ya shingo, wengine mstari mzima mpaka begani. Niliyaona, kaka, nakuapia niliyaona. Na kila tuliyemrudisha kizimbani mwenzake alianza kumlamba, maana sungura ndivyo walivyo, mmoja akichafuka mwingine anamsafisha. Mimi nikacheka. Nikamwambia Baba kwamba leo wamekuwa maharusi, wanarembana wenyewe kwa wenyewe.

Wifi hakucheka. Tulikuwa tumefika kama nusu. Alimweka chini sungura aliyemshika, akaingia jikoni, akarudi na kitambaa kilichoroweshwa maji ya vuguvugu, akaniuliza taratibu kama si vizuri tuwapanguse, maana dawa ya sindano huenda si ya kula. Ndivyo alivyosema, dawa ya sindano huenda si ya kula. Mtu ambaye hajawahi hata kukanyaga duka letu! Na mimi, mbele ya Baba, mbele ya jirani, nikamjibu kwamba kazi yake ni kushika sungura, udaktari aniachie mimi. Jirani akaangua kicheko. Wifi akakunja kile kitambaa mara mbili, akakiweka begani, akaendelea kunishikia Alamu.

Hilo ni moja, na natamani lingekuwa peke yake.

Dakika sikumzika siku ile. Nilimtia kwenye mfuko, na Alhamisi asubuhi nikampeleka kwa yule mama wa miwani, nikasema ni sungura wa mteja. Alimpasua juu ya meza ya nyuma ya duka. Aliangalia matumbo muda mrefu, kisha akaniuliza mteja huyo alichoma dawa gani, kwa sindano ya unene gani, alimpima uzito kwa kitu gani, na je, dawa ilimwagika juu ya manyoya? Nikajibu yote kwa niaba ya mteja. Sauti yangu mwenyewe niliisikia kama inatoka chumba cha pili.

Akanieleza bila haraka. Penisilini kwa sungura ina njia moja, chini ya ngozi, tena kwa kipimo cha uzito wake. Ikipita mdomoni inafagia vile vijidudu vyema vinavyomsagia majani tumboni, vibaya vinabaki kujitawala, na mnyama anaacha kula, anaharisha, anakwenda ndani ya siku chache. Na hii ya kukaa ni nzito, ikigandia kwenye manyoya anailamba leo na kesho bado ipo. Kukadiria kwa jicho nako kuna sehemu yake, alisema, wale wadogo huenda walipata karibu mara mbili ya kipimo chao. Nani amekufa kwa lipi, hawezi kuapa. Nikamuuliza, je, hayawezi kuwa majani? Akasema kwa aliyoyaona mezani, majani hayamo. Nilikuwa nataka yawemo, kaka. Nilitaka sana yawemo.

Hakunigombeza. Alifungua droo, akatoa mizani ndogo ya kuning'iniza, akasema nimpelekee mteja wangu awapime waliobaki kabla ya sindano ya pili, na kwamba mizani hiyo angependa airudishe mteja mwenyewe. Akanitazama juu ya miwani. Nikaichukua, ikalala uvunguni mwa kitanda changu wiki tatu.

Umezihesabu siku? Hiyo ilikuwa Alhamisi. Kikao kilikuwa Jumapili. Mimi nilikuja kwenye kikao kile nikijua. Kukosea ni jambo la kila mtu, wala nisingekuandikia kurasa zote hizi kwa ajili ya kukosea. Nilikaa nikamtazama mke wako akifukuzwa kwa kosa langu, na kazi niliyoifanya ni kuhesabu maua ya kitambaa cha meza. Nilijiambia nitasema Shangazi akimaliza. Shangazi akamaliza. Nikajiambia nitasema wewe ukinyamaza, kisha nitasema akifika mlangoni, kisha nitasema kesho. Niliogopa kurudi kuitwa jina langu la kuzaliwa. Ni aibu hiyo tu iliyonifunga mdomo, nimetafuta sababu nyingine yenye heshima zaidi sikuipata.

Na uongo haulali njaa. Baba akaniuliza kuhusu sindano ya pili, nikamwambia dawa imeisha dukani. Akaniuliza tena, nikamwambia bado haijaja. Huku chupa ziko kumi na sita kwenye rafu, naziona kila nikigeuka. Kengele vidonda vikaanza kurudi puani. Kila Jumatatu na kila Alhamisi yule mama alikuwa akiniuliza kama mteja wangu hajambo, nami nikimjibu hajambo. Alhamisi iliyopita hakuniuliza. Alinisalimu, akafungua daftari lake, akaanza kazi. Hapo ndipo niliposhindwa, kaka, nikaingia nyuma ya magunia ya chumvi ya ng'ombe nikalia mpaka nikapata kwikwi.

Jumamosi nikaenda kwao wifi. Nilimkuta anaanua nguo. Alinipokea begi, akaniwekea kiti kivulini, akanipa chai, na bora angenimwagia. Nilimwambia kila kitu nilichokuandikia hapa, na cha daktari, na cha mizani. Alikuwa anakunja shuka huku anasikiliza. Akaniambia alijua tangu Jumatatu ile, alipoona walioacha kula kwanza ndio waliokuwa wakilambana zaidi. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema kwenye kikao. Akasema angesema nini? Mwenye kitambaa cha jikoni ashindane na Daktari? Wangesema anajifunika kwa mgongo wangu. Alikuwa ananisubiri mimi. Akasema pia kwamba amenikasirikia, bado amekasirika, na nisimharakishe. Sikumharakisha.

Lakini si mimi ninayemfanya abaki kule kwao, kaka. Nilidhani ni mimi, kisha nikadhani ni Shangazi, au ni Baba na sahani zake. Akaniambia kwamba siku ya kikao ulizungumza kwenye simu ile kwa muda mrefu, na muda wote huo hukumuuliza hata swali moja. Hukumuuliza ilikuwaje. Miaka minne mmekaa pamoja. Angeuliza tu, alisema, ningemwambia, na kama angeniamini mimi nisingejali wengine. Alisema hivyo huku anatafuta pacha wa soksi kwenye kapu, hakuniangalia. Nikamaliza chai yangu, nikaondoka.

Hayo ya juu niliyaandika jana, nikamsomea Baba mpaka hapa ulipofika. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza aliniita kwa jina langu, lile aliloniita siku zote kabla ya mambo haya ya udaktari, akaniambia nikalete mizani.  Jioni hiyo hiyo yule mama wa miwani alikuja nyumbani, nilikuwa nimemrudia dukani nikamwambia mteja ni mimi, naye akasema, afadhali, alianza kuona huyo mteja anakawia. Tukawapima tisa waliobaki. Kengele, niliyemkadiria kilo tano, ana kilo tatu na robo, yaliyobaki ni manyoya. Alichoma yeye, kwa sindano nyembamba, anachomoa polepole, anabonyeza, anangoja, kisha anapangusa kwa kitambaa hata pasipo na tone. Mimi nilishika sungura.

Na tangu alfajiri ya leo Baba yuko uwanja wa nyuma. Anavihamisha vizimba kutoka ukuta wa chumba chenu, kimoja kimoja, anavipeleka upande wa geti kwenye jua, na anaviezekea kwa ule mlango wa zamani wa karakana yake. Amekataa msaada. Nimemsogelea mara mbili, mara zote mbili amenionyesha kidole niende nikaandike. Hivi ninavyoandika nasikia nyundo, na kila mara inapokosa msumari nasikia na tusi. Dirisha la wifi liko wazi, hakuna kitu mbele yake ila alama za miguu ya vizimba kwenye saruji. Shangazi atakuja Ijumaa, nami nitamweleza mwenyewe, hadharani, kwenye kile kiti cha mguu mfupi. Niombee.

Basi mwisho wa mwezi njoo, kaka, lakini usije kumaliza kitu. Nikasirikie utakavyo, haki yako, ukitaka usiitikie salamu zangu mwaka mzima nitavumilia. Ila ukifika kwao wifi usianze kwa kuomba msamaha, wala usimwonyeshe barua hii. Muulize ilikuwaje. Najua utakuwa unajua kila kitu. Muulize hivyo hivyo, kisha ufunge mdomo, asimulie yeye mpaka mwisho, na akifika mahali pa kitambaa usimkatize.

Baba anakusalimu, anauliza huko kwenu saa ngapi. Wasalimie wenzako wote wa kambini, na hicho kikohozi kipeleke kwa mtu aliyesomea. Nakutakia afya na safari njema.

Ni mimi mdogo wako,
muuzaji wa duka la dawa za mifugo.
(Daktari yupo Jumatatu na Alhamisi.)